Mchimba Mchanga wa Batié na Mkataba Alioukataa

Tarehe 14 Januari 2023 kampuni ya Kimarekani ya UFC, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote duniani katika mapigano mchanganyiko, ilitangaza kwamba bingwa wake wa uzani wa juu kabisa, Francis Ngannou wa Kameruni, si bingwa tena. Hakupigwa na mtu ulingoni. Hakukutwa na kosa la kutumia dawa zilizokatazwa. Alivuliwa taji kwa sababu alikataa kutia saini mkataba mpya, na ule wa zamani ulikuwa umefika ukingoni.

Katika biashara hii, ambayo vijana wengi hutia saini karatasi yoyote ile ili mradi waingie ulingoni, jambo hilo halikuwa la kawaida. Bingwa kumwachia mpinzani mkanda kwa kushindwa ni desturi. Bingwa kuuacha mezani na kuondoka na heshima yake ni nadra sana. Ndiyo maana tumeona inafaa leo kuizungumza habari ya mtu huyu, kwani ndani yake mna mambo ambayo wananchi wa visiwani, na hasa wakubwa waliokabidhiwa michezo na vijana, watayatambua mara moja.

Kwa faida ya wasomaji ambao hawajapata kuuona mchezo wenyewe, ni mchanganyiko wa masumbwi, mateke, mieleka na judo, uliotiwa ndani ya uzio wa pembe nane. Raundi ni dakika 5, na pambano la kugombea taji huwa na raundi 5. Glavu ni ndogo, vidole viko nje ili mtu aweze kukamata. Inaruhusiwa kumpiga mwenzio kwa ngumi, kwa kiwiko na kwa goti, kumwangusha, kumtia kabali, na kumpinda mkono mpaka asalimu amri kwa kupiga kofi sakafuni. Haruhusiwi mtu kumpiga mwenzake kwa kichwa wala kumtia vidole machoni. Wapo wanaouita ushenzi, nasi hatutawalaumu kwa maoni yao. Ila ulipoanzishwa mwaka 1993 haukuwa hata na kanuni hizo, na yaliyopo leo yamepatikana baada ya serikali za majimbo ya Marekani kuubana.

Ngannou alizaliwa tarehe 5 Septemba 1986 katika mji mdogo wa Batié, nyanda za magharibi za Kameruni. Wazazi wake waliachana angali mdogo, naye akalelewa kwa kuhamahama baina ya nyumba za jamaa. Alipofikisha umri wa miaka kumi hivi alikwisha ingia machimboni kuchimba mchanga ili apate fedha za daftari na karo. Kazi ya mchanga hatuna haja ya kuwaeleza watu wa Unguja. Kila apitaye njia za kaskazini amewaona vijana waliosimama shimoni hadi kiunoni, beleshi mkononi, wakilijaza gari ambalo mwenyewe amekaa kivulini akihesabu safari. Tofauti ni kwamba yule wa Batié alikuwa mtoto mdogo, na akitoka shimoni alitakiwa aende skuli.

Wako waandishi wa Ulaya na Marekani waliopenda kusema kwamba nguvu za ajabu za mikono yake zilitoka machimboni, kana kwamba shimo lile lilikuwa chuo cha mazoezi. Sisi hatuna haraka ya kulikubali neno hilo. Watoto waliochimba mchanga barani Afrika ni wengi mno, na mabingwa wa dunia waliotoka humo ni wa kuhesabika. Beleshi hujenga mgongo wa mmoja na kuivunja migongo ya wengine mia, na wale mia hakuna anayekwenda kuwapiga picha. Lililo kweli ni kwamba Ngannou aliiacha skuli kwa umaskini, akaendelea kufanya vibarua, na mpaka alipofika umri wa miaka 22 ndipo alipoanza kujifunza masumbwi. Kwa bondia, huo ni umri ambao wenzake wameshapigana kwa miaka kumi. Alimtazamia Mike Tyson, akajiambia kwamba naye atakuwa bingwa wa dunia. Waliomzunguka walimcheka.

Mwaka 2012 aliondoka kwao. Safari yake ni ile ile ambayo vijana wa bara hili wameifanya kwa maelfu na wengi hawakufika: Nijeria, Nija, jangwa la Sahara, Aljeria, Moroko. Alipata kusimulia mwenyewe kwamba jangwani walikunywa maji ya visima vilivyokuwa na mizoga, kwa kuwa hapakuwa na mengine. Moroko alikaa karibu mwaka mzima, akijificha msituni karibu na ua wa miba wa Melilla, akiokota chakula katika taka za sokoni, akikamatwa na kurudishwa jangwani, akirejea tena. Alijaribu baharini kwa mpira wa kujazwa upepo, mara ya kwanza, ya pili, na nyingine baada ya hizo. Alipofanikiwa kugusa ardhi ya Hispania, alitiwa kizuizini kwa muda wa miezi miwili. Mwaka 2013 alikuwa Paris, hana jamaa, hana kazi, analala mahala pa kuegeshea magari.

Hapo ndipo pana jambo la kutazamwa kwa makini. Ngannou alikwenda kwenye jumba la mazoezi kutafuta masumbwi, na mlango uliofunguka ukawa wa mchezo mwingine. Katika jumba lililoitwa MMA Factory alikutana na mwalimu Fernand Lopez, naye pia mwenye asili ya Kameruni, ambaye alimtazama umbo lake na kumshauri aingie katika mapigano mchanganyiko. Walimpa nguo za mazoezi na mahala pa kulala. Mchezo wenyewe hakuujua kabisa. Na wakati huo Ufaransa ilikuwa haijaruhusu mapigano ya kulipwa ya aina hiyo; ruhusa ilitoka mwaka 2020. Kwa hiyo kijana asiye na karatasi alikuwa akijifunza mchezo usio na ruhusa. Novemba 2013 alipigana kwa mara ya kwanza. Desemba 2015 alikuwa Marekani, ndani ya uzio wa UFC, akimwangusha Luis Henrique wa Brazili katika raundi ya pili.

Sasa tuzungumze juu ya upiganaji wake, maana ndio uliomfikisha alikofika, na haukuwa kitu kimoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Urefu wake ni mita 1.93. Akinyoosha mikono, toka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, ni sentimita 211. Uzani wake hugusa mpaka wa kilo 120 uliowekwa kwa daraja hilo. Lakini watu wakubwa wapo wengi. Ajabu yake ilikuwa katika namna ngumi ilivyotoka. Bondia wa kawaida huhitaji nafasi, hupanda miguu, huzungusha kiuno, ndipo hupiga. Ngannou aliweza kupiga akiwa anarudi nyuma, mguu mmoja umeinuka nusu, mkono unatoka chini kwenye nyonga, na bado yule aliyepigwa asijue alipo. Tarehe 2 Desemba 2017 mjini Detroit alikutana na Mholanzi Alistair Overeem, mpiganaji wa miaka mingi aliyepata kuwa bingwa wa mateke na ngumi. Overeem aliinamisha kichwa na kurusha mkono. Ngannou akapenyeza konde la kushoto kutoka chini. Kichwa cha Overeem kiligeuka nyuma kana kwamba anatazama dari. Ilikuwa dakika ya kwanza na sekunde 42. Waliokuwapo walinyamaza kwanza kabla ya kushangilia, na hata sisi tuliotazama picha baadaye tulishukuru tuliposikia kwamba yule bwana ameamka salama.

Sifa zikapaa. Ikasemwa kwamba hakuna mwanadamu wa kusimama mbele yake. Mwezi uliofuata, tarehe 20 Januari 2018 mjini Boston, alipewa nafasi ya kugombea taji dhidi ya Stipe Miocic, mzima moto wa jimbo la Ohio, mtu mtulivu asiye na mbwembwe. Miocic aliziepuka ngumi za raundi ya kwanza, akamwacha mgeni wake ajichoshe, kisha akamkamata na kumwangusha chini mara kwa mara. Kuanzia raundi ya pili Ngannou alikuwa akihema kama mtu aliyepandisha jahazi ufukoni peke yake. Alisimama mpaka mwisho kwa ukaidi tu. Waamuzi wote watatu waliandika 50 kwa 44.

Miezi sita baadaye yalitokea mabaya zaidi. Alipambana na Derrick Lewis, naye pia mpiga ngumi mzito, na kwa dakika 15 watu hao wawili walitazamana. Ngannou alifikisha mapigo 11 tu katika pambano zima, Lewis 20. Watazamaji walizomea. Mwenyewe alikiri baadaye kwamba hofu ya pambano la Miocic aliibeba mpaka ulingoni. Tunalitaja hili kwa kuwa wasimulizi wa maisha ya mabingwa hupenda kulipita upesi. Mtu aliyevuka Sahara na bahari alishindwa kunyoosha mkono mbele ya mpinzani mmoja kwa woga wa kushindwa tena. Ushujaa wa jana haukumsaidia siku ile.

Aliyoyafanya baada ya hapo ni kazi, tena kazi ya kuchosha. Alihamishia mazoezi yake Las Vegas, chini ya mwalimu Eric Nicksick, akaanza kujifunza mieleka kama mwanafunzi wa darasa la kwanza: namna ya kuzuia kuangushwa, namna ya kuamka, namna ya kuipumzisha pumzi katikati ya vurugu. Ulimwengu haukuyaona mafunzo hayo kwa muda mrefu kwa sababu mapambano yake hayakuchukua muda wa kuyaonyesha. Curtis Blaydes alidumu sekunde 45. Cain Velasquez, bingwa wa zamani, sekunde 26. Junior dos Santos, bingwa mwingine wa zamani, sekunde 71. Jairzinho Rozenstruik wa Suriname, Mei 2020 katika ukumbi mtupu wakati wa maradhi ya korona, sekunde 20. Mapambano manne, na yote kwa pamoja hayakutimia dakika tatu.

Tarehe 27 Machi 2021 mjini Las Vegas alirudiana na Miocic. Aliyeingia ulingoni siku ile alikuwa mtu mwingine. Hakukimbilia kumaliza. Alipima umbali kwa ngumi ya mbele, akarusha teke la kichwa ambalo hapo kabla hakulijua, na Miocic alipomrukia miguuni ili amwangushe kama mwaka 2018, Ngannou alitupa miguu yake nyuma, akamlalia kwa uzito wote na kumtwanga. Sekunde ya 52 ya raundi ya pili konde la kushoto lilimkuta Miocic akija mbele. Kameruni ikapata bingwa wa dunia, na kwa wakati ule UFC ilikuwa na mabingwa watatu waliozaliwa Afrika: yeye, na Kamaru Usman na Israel Adesanya, wote wawili wazaliwa wa Nijeria. Aliporudi Batié umati ulijaza barabara. Wengi wao walikuwa wamesahau kwamba walimcheka.

Hata hivyo pambano tunaloliona sisi kuwa bora kuliko yote si hilo. Ni la tarehe 22 Januari 2022 mjini Anaheim, dhidi ya Mfaransa Ciryl Gane, ambaye alikuwa hajapata kushindwa. Gane alitoka katika jumba lile lile la Paris, na kwenye kona yake alikaa Fernand Lopez, mwalimu wa kwanza wa Ngannou, ambaye kwa wakati huo walikuwa hawapatani. Yaani mtu aliyezijua siri zake zote alikuwa upande wa pili. Isitoshe, Ngannou aliingia na goti lililochanika kano katika mazoezi. Madaktari walimshauri asipigane. Raundi mbili za mwanzo Gane alimzunguka, akamchokoza kwa mateke na kutoweka, na kila aliyetazama alijiambia kwamba yale ya Boston yanarudi.

Raundi ya tatu Ngannou alilikamata teke la Gane, akamwinua na kumbwaga sakafuni. Ukumbi mzima ulishangaa, maana ilikuwa kama kumwona mvuvi anaacha nyavu na kushona kanzu. Kisha akafanya tena. Alimwangusha Mfaransa mara nne, akamlalia, akamchosha kidogo kidogo, bandu bandu, mpaka kengele ya mwisho. Waamuzi walimpa ushindi kwa 48 kwa 47, 48 kwa 47, na 49 kwa 46. Mtu aliyejulikana kwa ngumi alilihifadhi taji lake kwa mieleka, juu ya mguu mmoja mzima. Desturi ni kwamba kiongozi mkuu wa kampuni humfunga bingwa mkanda kiunoni; usiku ule hakuonekana ulingoni.

Na sababu ni ile karatasi tuliyoanza nayo. Malipo yaliyotangazwa ya bingwa wa dunia kwa kazi ile yalikuwa dola 600,000. Kwa mvuvi au mkulima wa karafuu hizo ni fedha za ndotoni, nasi hatutajifanya kwamba bingwa alikuwa na njaa. Lakini haki hupimwa kwa kilichochumwa. Katika kesi waliyoifungua wapiganaji dhidi ya kampuni hiyo mwaka 2014, nyaraka zilionyesha kwamba fungu lililokwenda kwa wapiganaji lilikuwa chini ya moja ya tano ya mapato, ilhali katika michezo mingine mikubwa ya Marekani wachezaji hupata karibu nusu. Kesi hiyo ilimalizika kwa suluhu ya dola milioni 375, ambayo mahakama iliipitisha mwaka 2025. Wapiganaji hawahesabiwi kuwa waajiriwa. Hawana chama. Bingwa alifungwa na kifungu kilichourefusha mkataba wake kila alipolitetea taji.

Ngannou alidai nini? Alidai aruhusiwe kupigana masumbwi, awe huru kutafuta wadhamini wake, wapiganaji wapatiwe bima ya afya, na wawe na msemaji katika vikao vinavyoamua mambo yao. Kampuni kwa upande wake ilisema ilikuwa tayari kumlipa kuliko mpiganaji yeyote wa uzani wa juu aliyepata kutokea katika historia yake. Tunaamini ilikuwa kweli. Na ndiyo maana kukataa kwake kuna uzito, kwani hakukataa uchache wa fedha peke yake. Mei 2023 alijiunga na kampuni nyingine, PFL, kwa masharti ambayo ndani yake mlikuwamo hisa, uenyekiti wa tawi la Afrika, na sharti kwamba yeyote atakayepigana naye asilipwe chini ya dola milioni 2. Msomaji arudie sharti hilo la mwisho. Mtu anayedai malipo ya adui yake ni mtu wa aina gani?

Tawi hilo la Afrika lilianza mapambano yake mwaka 2025 mjini Cape Town. Nasi Zanzibar, ambako masumbwi yalikatazwa tangu zama za Rais wa kwanza, Mzee Abeid Amani Karume, na kukaa nje kwa zaidi ya nusu karne, tumeyaruhusu tena chini ya Rais Hussein Ali Mwinyi, na mwaka 2023 ulingo ukasimamishwa upya Unguja. Hatuna nia ya kuurudisha mjadala ule. Ila tungependa wahusika watujibu maswali machache, nao wana afisi na makarani wa kuwasaidia. Kijana wa Mwembemakumbi au wa Wete akiitwa kupigana, nani anampima kichwa kabla na baada? Mkataba wake umeandikwa kwa lugha gani, na ni nani mwenye jukumu la kumsomea kabla hajatia kidole gumba? Akivunjika taya, ni nani anayelipa gharama za Mnazi Mmoja, na kwa muda gani? Ikiwa bingwa wa dunia, mwenye mawakili, ilimchukua miaka kuzipata haki zake, yule wa raundi nne asiye na viatu atazipata wapi bila ya kanuni zilizoandikwa?

Tarehe 28 Oktoba 2023 mjini Riyadh Ngannou aliitimiza ndoto aliyoondoka nayo Kameruni. Alipanda ulingo wa masumbwi dhidi ya Mwingereza Tyson Fury, bingwa wa dunia, na hilo likawa pambano lake la kwanza la kulipwa katika mchezo huo. Raundi ya tatu konde la kushoto lilimketisha Fury sakafuni. Baada ya raundi 10 mwamuzi mmoja alimpa Ngannou ushindi na wawili wakampa Fury, kwa tofauti ndogo mno. Machi 2024, ukumbi wa Riyadh huo huo, Anthony Joshua alimwangusha mara tatu katika raundi mbili na mambo yakaisha. Kushindwa huko hakukuacha shaka yoyote. Masumbwi ni taaluma nzima peke yake, na miaka aliyokosa ujanani hakuweza kuilipa ukubwani.

Mwezi uliofuata alifiwa na mwanawe, Kobe, mwenye umri wa miezi 15. Alitangaza msiba huo mwenyewe, na akasema hajui kama atapigana tena.

Alipigana. Tarehe 19 Oktoba 2024 alirudi ndani ya uzio baada ya karibu miaka mitatu, dhidi ya Renan Ferreira wa Brazili, aliyemzidi urefu kwa zaidi ya sentimita kumi. Wengi walitazamia ngumi. Ngannou hakungoja, alimkamata mapema, akamwangusha, akavumilia mateke ya kutoka chini, kisha akampiga pale pale sakafuni mpaka refa alipoingia kati, dakika ya tatu na sekunde 32 ya raundi ya kwanza. Hakuruka wala hakupanda juu ya uzio kama wafanyavyo washindi. Alipiga magoti akalia, na aliposhikiwa kipaza sauti alimtaja mwanawe.

Huko Batié, jumba la mazoezi alilolijenga kwa fedha zake limekuwa likiwapokea watoto wa mji. Alipokuwa mtoto yeye, hapakuwa na jumba lolote.